Nehemia sura ya 5 na daftari la mikopo

Hapa Moshi ni vigumu mwaka kumalizika bila kusikia kitabu cha Nehemia kikihubiriwa. Usharika ukitaka kuezeka kanisa, au kujenga nyumba ya mtumishi, mhubiri hutusimulia jinsi Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, alivyotoka Shushani akaja Yerusalemu, akazunguka usiku kuyatazama malango yaliyoteketezwa kwa moto, na jinsi ukuta ulivyokamilika kwa siku 52 kwa sababu watu walikuwa na moyo wa kufanya kazi. Baada ya hapo bahasha za ujenzi hugawiwa. Sina ugomvi na mahubiri hayo, kwa maana makanisa tunayosalia leo huku mlimani yalijengwa na wazee waliotoa nguvu zao kabla ya kutoa fedha. Ninachokilalamikia ni kwamba tunasoma sura ya 4, ambamo wajenzi wanashika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mkono wa pili, kisha tunarukia sura ya 6 ambamo ukuta unakamilika, na sura ya 5 iliyo katikati yake hatuigusi.

Sura hiyo inaeleza kilio kilichozuka wakati kazi ikiwa imepamba moto. Kilio chenyewe hakikuwa juu ya Sanbalati wala Tobia, maadui waliokuwa nje ya mji. Watu pamoja na wake zao waliwalilia ndugu zao Wayahudi. Wapo waliosema kwamba wao na watoto wao ni wengi na hawana nafaka. Wapo waliokuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine walikuwa wamekopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme, na baadhi ya binti zao walikuwa wamekwisha kutiwa utumwani, nao wazazi hawakuwa na uwezo wa kuwakomboa kwa kuwa mashamba yalikuwa mikononi mwa watu wengine. Ukiisoma sura ya 3, yenye orodha ndefu ya waliojenga, kisha ukaisoma sura hii, utaona jambo zito: wenye madeni na wanaowadai walikuwa wakiujenga mji mmoja na kumwabudu Mungu mmoja.

Nehemia alikasirika sana. Hata hivyo Biblia inasema kwamba kabla ya kunena na mtu yeyote alifanya shauri moyoni mwake, na mimi hupenda kusimama kidogo kwenye kifungu hicho, kwa kuwa wengi wetu hasira ikitupata tunaanza na simu. Alipokwisha kufikiri aliwakabili wakuu na viongozi, akawaambia waziwazi kwamba wanawatoza riba ndugu zao wenyewe, kisha akaitisha mkutano mkubwa juu yao. Angeweza kupitisha sadaka maalumu kwa ajili ya maskini, nao wakuu wangeitoa kwa furaha na kupigiwa makofi. Hakufanya hivyo. Aliwataka warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba siku ileile, pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakiitoza. Tena hakujitoa katika hesabu hiyo, bali alikiri mbele ya mkutano kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka, na akasema riba hiyo na iachwe.

Wakuu walikubali. Nehemia hakuridhika na kukubali kwa maneno, akawaita makuhani na kuwaapisha wakuu hao mbele yao, kisha akakung'uta vazi lake na kusema kwamba Mungu amkung'ute vivyo hivyo kutoka katika nyumba yake na kazi yake kila asiyelitimiza neno hilo. Mkutano wote ukaitika Amina. Miaka 12 ya uliwali wake, yaani alipokuwa gavana wa Yuda, asema, yeye na ndugu zake hawakula posho ya liwali, ingawa waliomtangulia walikuwa wakiwatoza watu shekeli 40 za fedha pamoja na chakula na divai. Hilo la posho ningependa liandikiwe makala yake, lakini si leo.

Msingi wa hasira ya Nehemia ulikuwa katika Torati. Kutoka 22 inakataza kumtoza riba maskini, na inaagiza kwamba ukimtwalia mtu vazi lake kuwa rehani umrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo analojifunika usiku. Kumbukumbu la Torati 24 inaingia ndani zaidi. Mkopeshaji haruhusiwi kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Vilevile haruhusiwi kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu. Sheria hiyo ilimwachia mwenye deni mlango wake, usingizi wake na chombo chake cha kazi.

Anayeishi Moshi hahitaji mfafanuzi wa kumweleza maana ya jiwe la kusagia. Mikopo tunayoiita kausha damu imeingia katika masoko ya Mbuyuni na Memorial na katika mitaa mingi ya kupanga, ambako mama mwenye meza ya nyanya hupewa fedha asubuhi bila maswali mengi na kuanza kurejesha kila siku au kila wiki. Akikwama, wakusanyaji huingia ndani na kutoka na mtungi wa gesi, televisheni au cherehani. Cherehani ndiyo jiwe la kusagia la fundi, na akishanyang'anywa, deni linabaki lakini njia ya kulilipa imeondoka pamoja nayo. Nchi yetu ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowataka wakopeshaji wa namna hiyo wawe na leseni na inayovitambua hata vikundi vya kijamii kama vikoba katika daraja la nne, na ni jambo jema kwamba ipo. Lakini mimi ninawaandikia Wakristo wenzangu, na swali linalotuhusu ni lile la Nehemia: tunawadaije ndugu zetu sisi wenyewe?

Nasema sisi wenyewe kwa sababu karibu kila jumuiya ninayoifahamu ina kikoba, na mimi ni katibu wa kikoba cha jumuiya yetu. Tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana, na mwezi Desemba, watu wa Dar es Salaam na kwingineko wakianza kupanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, tunavunja mzunguko na kila mmoja anapata gawio lake. Kwa muda mrefu riba yetu ilikuwa asilimia 10 kwa mwezi. Wafafanuzi wengi huielewa ile sehemu ya mia ya Nehemia kuwa asilimia 1 kwa mwezi, yaani 12 kwa mwaka, na hiyo ndiyo iliyomkasirisha. Mwanachama wetu aliyekopa shilingi 300,000 mwezi Januari kwa ajili ya ada ya mtoto, akarejesha baada ya miezi mitatu, alilipa riba ya shilingi 90,000.

Tulipoisoma sura hiyo katika ibada ya jumuiya, mzee mmoja, ambaye ni mwanachama wa siku nyingi, aliniambia: "Katibu, usituchanganye. Riba yetu haiendi kwa tajiri wa mjini, inarudi kwetu wenyewe mwisho wa mwaka." Ni hoja ya kweli, na kwa heshima yake nililifungua daftari tukalitazama pamoja. Riba inarudi, naam, lakini inarudi kwa kufuata hisa. Wenye hisa nyingi ni wale wenye mishahara, au maduka, au watoto wanaowatumia fedha, nao kwa kawaida hawakopi. Wanaokopa mara kwa mara ni wenye hisa chache, na wengi wao walikopa kwa sababu ya hospitali, msiba au ada. Kwa hiyo kila Desemba, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, mama muuza ndizi alikuwa akimchangia jirani yake mwenye duka fedha ya Krismasi.

Mwingine alileta mfano wa talanta katika Mathayo 25, pale bwana anapomwambia mtumwa mlegevu kwamba ingempasa aiweke fedha kwa watoao riba. Nilifurahi kwamba aliuleta, kwa sababu hoja inayokwepwa hurudi ikiwa na nguvu zaidi. Fedha ya mfano ule ni mtaji wa bwana tajiri uliowekwa ili uzae, na hakuna mwenye njaa ndani yake. Waliomlilia Nehemia walikopa ili wale, na ili walipe kodi. Anayekopa kununua marobota ya mitumba ya Memorial ili apate faida yuko mahali tofauti na anayekopa kumtoa mtoto hospitalini, na sioni dhambi wa kwanza akirudisha na ziada kidogo kwa waliomwezesha. Hata desturi ya wazee wetu Wachagga ya kumpa jirani ng'ombe amfugie ilikuwa na hesabu yake, kwani mfugaji alipata maziwa na mbolea ya migomba, na ndama walifuata makubaliano, ila pande zote mbili zilikula.

Tatizo la wakopaji wasiolipa kwa makusudi nalo lipo, na Zaburi 37 inawaita kwa jina lao: "Asiye haki hukopa wala halipi." Mtu wa namna hiyo huwamaliza wanyonge wenzake kabla hajawagusa wenye nacho, na sioni mahali ambapo Biblia inamkinga. Ndiyo maana katika 2 Wafalme 4 Elisha hakumwambia yule mjane, ambaye mwia, yaani aliyemdai, alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili kuwa watumwa, alikimbie deni. Alimwambia auze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni lililipwa na watoto wakabaki nyumbani, na hayo mawili yalikwenda pamoja.

Baada ya mabishano ambayo hayakuwa mafupi, tuliibadilisha katiba ya kikundi. Mkopo wa ugonjwa, msiba na ada sasa unatoka katika mfuko wa jamii bila riba, kwa kiwango chenye kikomo. Mkopo wa biashara una riba ya asilimia 2 kwa mwezi, inayokokotolewa kwa deni lililobaki. Hakuna kifaa cha kazi kinachopokelewa kuwa dhamana, iwe cherehani, pikipiki au mashine ya kusaga, na ufuatiliaji wa deni unafanywa na watu wawili wanaobisha hodi na kubaki nje mpaka wakaribishwe. Wanachama wachache wenye hisa nyingi walijitoa, na gawio la mwaka huu litakuwa dogo kuliko tulivyozoea. Sitaki kulificha hilo, kwa kuwa wakuu wa Yerusalemu nao walirudisha mali halisi.

Nehemia 10 inaonyesha kwamba watu walikuja kuyaweka mambo kama hayo katika agano la maandishi lenye mihuri, wakaahidi kuachilia madeni kila mwaka wa saba. Kwetu suala la kusamehe bado halijapata jibu: tuna deni la marehemu mmoja ambaye familia yake haina uwezo, na wadhamini wake wawili nao ni watu wa kipato cha chini. Wapo wanaotaka wadhamini walipe kama katiba inavyosema, na wapo wanaotaka lifutwe kwa kukata kidogo katika gawio la kila mmoja. Mimi niko upande wa kufuta. Kura itapigwa kabla ya kuvunja mzunguko, na tumemwomba mwinjilisti awepo.