Freaky Friday na binti yangu

Jana usiku nimeangalia tena Freaky Friday ile ya 2003 na binti yangu, jamani ile muvi bado ina moto. Jamie Lee Curtis ndo mama, anakaribia kuolewa tena, Lindsay Lohan ndo binti mpiga gitaa, wanagombana kwenye mgahawa wa Kichina, wanapewa vile vibiskuti vya bahati, asubuhi kila mtu kaamka kwenye mwili wa mwenzake. Curtis anavyojikunyata na kuzungusha macho kitineja unasahau kabisa ni mtu mzima! (Ya 1976 ya Jodie Foster nayo nzuri ila hii imenishika zaidi.)

Sasa kuna sehemu mama yuko darasani kwenye mwili wa binti, anajibu swali la Hamlet, ile tamthilia ya Shakespeare, vizuri tu halafu mwalimu anampa F, ndo anagundua mwanae alikuwa anasema kweli siku zote kwamba anaonewa. Binti yangu akanigeukia, "umeona mama?" Tukaisimamisha pale pale akanimwagia yote ya mwalimu wake wa hesabu, nikamsikiliza mpaka mwisho, na kesho kutwa naenda shuleni kwao. Jumamosi tunaangalia mwendelezo, Freakier Friday wa 2025.