Neno nililoliandika kwa mkono wangu

Leo ni siku ya 19 tangu nifute Facebook kwenye simu na kutoka katika makundi yote ya siasa ya WhatsApp. Yalikuwa 11. Sikuaga mtu. Nimebakisha moja tu, la chama chetu cha akina mama, kwa sababu ya mchango wa kila Alhamisi. Wateja wanauliza kama simu yangu imeibwa, maana siku hizi nachelewa kujibu. Ipo, nawaambia, iko kwenye droo pamoja na bobini na chaki.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Kwa miaka mingi simu na cherehani vilikaa meza moja. Naanza pindo, simu inalia, nasoma, damu inachemka, najibu, narudi kwenye pindo. Wiki moja ya kufungua shule niliacha pasi juu ya shati la mtoto nikimjibu mtu ambaye sijawahi kumwona na hatanijua akinipita barabarani. Kola iliungua, ikabaki na alama ya ncha ya pasi. Nilimlipa mama yake shati jingine, na jioni hiyohiyo nikafungua simu tena kuangalia kama yule mtu amenijibu.

Niliingia huko Agosti 2022. Tarehe 15, siku ya matokeo ya urais, tulijazana kwenye duka lenye televisheni tukisubiri yatangazwe kutoka ukumbi wa Bomas, Nairobi. Ikatoka Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, na huku makamishna 4 kati ya 7 wa tume ya uchaguzi wako hoteli ya Serena wakiyakana matokeo. Usiku huo mtu akaniunga kwenye kundi la kwanza, nami nikashukuru, maana sisi wa Nakuru tukisikia matokeo yanabishaniwa tumbo hukumbuka kabla ya kichwa. Nilitaka watu wa kuogopa pamoja nao. Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba, nchi ikarudi kazini, lakini kundi likabaki palepale na sisi ndani yake.

Mle ndani mtu hafundishwi chuki siku moja. Ukiandika kuhusu bei ya unga, au mtaro wa mtaa wenu uliofurika, wanakuitikia watu watatu. Ukiandika “hawa watu”, wanakuja mia. Basi kesho unaandika tena “hawa watu”, na kesho kutwa. Tangu 2020 WhatsApp imezuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usitumwe ila kwa gumzo moja moja, kwa hiyo wasimamizi wetu walitufundisha kuunakili na kuubandika upya, uonekane umetoka kwako. Nilibandika maneno ambayo hadi leo sijui nani aliyatunga, wala kama alilipwa. Yalitoka na picha yangu pembeni, ile ya harusi ya dada yangu.

Lakini neno ninalotaka kuliandika hapa halikutungwa na mtu mwingine. Mjadala ulikuwa wa kujiandikisha kupiga kura ya Agosti 2027, nani ni mwenyeji wa mji huu na nani amekuja tu. Nikaandika kwamba shamba halistawi mpaka ing'olewe kila kwekwe. Kufikia usiku lilikuwa na laiki 214. Nililala nimeridhika.

Kwekwe. Mtu wa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa neno hilo, magugu, na mwenzake madoadoa yana maana gani wakati wa uchaguzi: ni watu wa kabila jingine wanaotakiwa waondolewe. Tume ya Uwiano na Utangamano iliyaweka yote mawili katika orodha ya maneno ya chuki Aprili 2022. Mimi sikuhitaji orodha. Mwishoni mwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 14, mtaa wa Kaptembwo hapa Nakuru, na nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa inaungua. Mama jirani, wa kabila la vijana waliokuwa wakitutafuta, alituingiza kwa mlango wa nyuma, mama, mimi na kaka zangu wawili, akatulaza nyuma ya magunia ya makaa aliyokuwa akiuza. Vijana walipogonga alitoka, akasimama mlangoni, wakazungumza lugha yao. Sikuelewa kitu ila neno moja walilolisema kwa Kiswahili: madoadoa. Alichowajibu sikijui hadi leo. Waliondoka. Mdogo wangu alikuwa ameuma kitambaa cha gunia ili asikohoe.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Sisi wanne hatumo.

Skrinshoti ilinifikia kutoka kwa binti wa yule mama. Tulisoma pamoja shule ya msingi. Chini yake aliandika, “Dada, ni wewe?” Nilianza kueleza, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwishoni nikaandika “Ndiyo.” Hakujibu. Nilifuta yote usiku ule.

Mwenzangu wa chama ananiambia kutoka ni kukimbia, ningebaki niwarekebishe wengine. Huenda yeye angeweza. Kura nitapiga, na mkutano wa mtaa nitaenda, nikizungumza na watu wanaoniona uso. Mle ndani nilijiona nilivyokuwa, na siwezi kujiamini.

Mama jirani alikuwa ameniletea kitenge nimshonee gauni la ubatizo wa mjukuu. Alikuwa aje kulipima Jumamosi ile, hakuja. Nilipompigia alisema tu, “Mwanangu, nitamtuma mtoto alichukue.” Ameniita mwanangu, kama siku zote, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Mtoto hajaja. Jana nilimaliza pindo kwa mkono, nikatia vifungo sita mgongoni, nikalipiga pasi polepole. Kesho nafunga duka saa sita, nitalipeleka mwenyewe.