Si Kwa Baba, Si Kwa Mama

Nairobi ukitaja DNA, hakuna anayefikiria ubongo. Watu hufikiria baba wa mtoto ni nani. Kwa hiyo mwaka 2019 daktari wa neva aliposema mtoto apimwe DNA, na sisi wazazi tutolewe damu pia, mume wangu aliniangalia kidogo, kisha akaangalia ukuta. Mama mkwe alipopata habari, yeye hakuangalia ukuta.

Degedege ya kwanza ilimshika mtoto akiwa na miezi 6, nikimwogesha. Maji kwenye karai yalikuwa na joto la kawaida. Mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka peke yake, nikadhani anacheza. Baadaye tukaandikiwa kabamazepini ya maji. Nilikuwa naivuta kwa bomba la sindano hadi kwenye mstari, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, simu ikinikumbusha kwa mlio. Degedege ikazidi. Tukaambiwa tuongeze kipimo, nasi tukaongeza.

Chupa 3 zenye vifuniko vya zambarau zilipanda ndege kwenda ng'ambo kwa pesa za chama na mchango wa kanisa. Tukangoja wiki 10.

Siku ya majibu mvua ilikuwa imefunga Ngong Road, tukafika tumelowa. Daktari alichora mgongoni mwa bahasha. Kati ya herufi bilioni 3, alisema, moja imebadilika, ndani ya jeni iitwayo SCN1A. Jeni hiyo hutengeneza vilango vya kupitishia sodiamu kwenye seli ambazo ni breki za ubongo. Huo ni ugonjwa wa Dravet.

"Na dawa mnayompa," akasema taratibu, "huziba vilango hivyohivyo."

Nikaanza kuhesabu. Mwaka mzima na miezi, mara mbili kwa siku, kwa mkono wangu huu, bila kuchelewa hata siku moja.

"Usiikatishe ghafla, mama. Tutaipunguza kidogo kidogo huku tukianza valproeti."

(Degedege haikuisha. Dravet haina kuisha. Ila wiki za kulala usiku kucha zilianza kuonekana.)

Mume wangu akauliza lile lililomkaa moyoni: imetoka upande gani? "Hakuna upande," daktari akajibu. "Damu inaonyesha nyinyi ndio wazazi, lakini hitilafu hii hamna nyote wawili. Imezuka kwa mtoto mwenyewe."

Koridoni nikamwambia, "Mama yako utamweleza wewe."

Alipiga simu tukiwa ndani ya matatu, mdomo ameufunika kwa kiganja. "Mama, mtoto ni wangu, imethibitishwa. Ugonjwa ndio si wangu. Wala si wa mama yake."

Kimya. Halafu sauti ikatoka kwenye simu, hadi kondakta akageuka:

"Sasa ni wa nani?"