Uzoefu wangu: kushika Sabato ukiuza omena Kibuye

Jumapili ndiyo siku soko la Kibuye, hapa Kisumu, linafurika. Mzigo wa Jumapili, kwa wauzaji wengi wa omena (dagaa wa Ziwa Victoria), hununuliwa na kuchambuliwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo Sabato yangu. Kwa hiyo mapumziko yangu hayaanzi Ijumaa jua likizama. Yanaanza Jumatano, kwenye kununua.

Nanunua Jumatano na Alhamisi, basi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na inatakiwa iwe juani mapema asubuhi, kwenye wavu au turubai lililoinuliwa kutoka mchangani. Jua likiwaka vizuri inakauka siku moja. Lakini mvua ya hapa hupenda kushuka alasiri, hivyo anayeanika saa tano anabahatisha. Ukinunua Ijumaa na wingu likatanda, Sabato asubuhi utakuwa unageuza omena huku wenzako wanaimba. Kabla ya kujaza gunia nachukua moja, naipinda. Ikivunjika kwa mlio, inaingia. Ikijikunja kama uzi, bado ina maji, na kiganja kimoja cha namna hiyo kinatosha kulipasha gunia zima joto, lipate ukungu na harufu kabla ya Jumapili. Magunia nayalaza juu ya mbao, mbali na ukuta, maana saruji hupitisha unyevu.

Wana wa Israeli waliokota pishi mbili kwa kila mtu siku ya sita, na mana ile haikuvunda (Kutoka 16). Siku nyingine iliyolazwa hadi asubuhi iliingia mabuu. Omena yangu haijaahidiwa muujiza huo, ndiyo maana naianika. Kumtegemea Mungu na kukausha samaki vizuri sijaona vikigombana.

Sasa fedha, maana hapa ndipo imani ya wengi hukwama. Chukua nyumba inayotumia shilingi 700 kwa siku. Siku isiyo na mauzo inahitaji 700 hizo, na ukizigawa kwa siku tano za kuuza, Jumapili hadi Alhamisi, ni 140 kila jioni. Zitoe kabla ya kuhesabu faida, uziweke mahali pake. Asiyetenga atajikuta Sabato mchana ananong'ona na mteja mlangoni. Mkopo wa simu unaoiva Jumamosi ulipe Ijumaa, na mchango wa chama cha akiba omba usogezwe siku nyingine mapema, si siku yenyewe. Tahadhari moja: usiahidiwe na mtu kwamba ukipumzika Sabato, Jumapili utauza mara mbili. Kuna Jumapili mbovu hata kwa walioshika Sabato. Mungu aliahidi kututunza, hakuahidi foleni ya wateja.

Ziwa lenyewe linafundisha hili. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziiti omena, na mashua hukaa ufukweni. Tena upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31. Miezi hiyo minne nageukia mchele wa Ahero na maharagwe, na zile 140 naendelea kuzitoa vilevile.

Ijumaa ni siku ya maandalio kweli. Nguo zipigwe pasi kabla ya saa kumi, kwa sababu umeme ukipotea jioni hautakuuliza. Jerikeni za lita 20 zijae. Maharagwe yachemke mchana. Sabato yapashwe tu. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kushtukizwa na giza.

Nehemia aliwakuta watu wa Tiro wakiuza samaki Yerusalemu siku ya Sabato, akaamuru malango yafungwe giza lilipoanza kuingia, kabla ya Sabato. Lango la siku hizi ni simu. Saa kumi na moja Ijumaa nawajulisha wateja wa jumla.

"Mama, niwekee debe moja kesho."

"Kesho ni Sabato, mwanangu. Njoo Jumapili alfajiri, utalikuta."

Halafu simu naizima. Kuipunguza sauti hakusaidii.

Kinachoharibu zaidi ni kichwa: mwili uko kanisani, akili inapima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Dawa yangu ni daftari. Kabla ya jua kuzama naandika kila linalonisumbua, mstari mmoja kwa jambo moja: deni la nani, gunia gani lina shaka, karo ya nani. Namwomba Mungu juu ya kila mstari, kwa lile neno la 1 Petro 5:7 la kumtwika fadhaa zetu zote. Kisha daftari naliweka chini, nalifunika kwa gorogoro tupu.

Baada ya ibada, lala. Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, alilala, akala, akalala tena, akala tena, ndipo safari ya Horebu ikaanza. Kamati na mazoezi ya kwaya yanayojaza Sabato hadi jioni nayaona kama soko jingine, lisilo na bei tu. Nahudhuria moja, mengine naomba radhi.

Jumamosi jua likizama, baada ya sala ya kufunga Sabato, nainua gorogoro nasoma mistari. Miwili au mitatu huwa imepoteza makali. Iliyobaki naenda nayo Kibuye saa kumi na moja alfajiri.