Maswali Ninayowauliza Waliotutangulia Mombasa

Katika mazungumzo ninayoyafanya kichwani na watu waliokwisha kufariki nimejiwekea masharti mawili. La kwanza ni kwamba simuulizi mtu habari za ushujaa wake, kwa kuwa huo umeshasimuliwa na wengine. Namuuliza kazi yake ilifanyika vipi siku kwa siku, fedha zilitoka wapi, nani alimsaidia na nani alimkatisha tamaa. La pili ni kwamba simtii maneno mdomoni. Akinijibu, ananijibu kwa kile alichokiacha nyuma, na pale ambapo hakuacha kitu ananyamaza, nami nakiheshimu kimya chake. Naamini kwamba tumewakosea wazee wetu wa Mombasa kwa kuwasifu pasipo kuwadadisi, na matokeo yake ni kwamba vijana wetu wanajua kuwa fulani alikuwa mtu mkubwa lakini hawajui alifanya nini Jumatatu asubuhi.

Ninayemwendea mara nyingi kuliko wote ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Jina lake halitajwi sana, ilhali jina la Muyaka bin Haji linajulikana na kila anayependa ushairi wa Kiswahili. Muyaka, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, aliutoa ushairi msikitini akaushusha sokoni na barazani. Alitunga juu ya ugomvi wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, juu ya mapenzi, ndoa na mambo ya watu wa mjini. Alipofariki hakuacha diwani iliyochapishwa. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu, na watu hao nao walikuwa wakizeeka na kufa. Mwalimu Sikujua ndiye aliyezikusanya kutoka kwa waliozihifadhi na kuziandika, kisha mmisionari W. E. Taylor, aliyekuwa akijifunza kwake, akazinakili kwa herufi za Kilatini na kuzitia maelezo. Diwani yenyewe ilichapwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, miaka 50 baada ya Mwalimu kuzikwa.

"Shikamoo, Mwalimu," humwambia, naye huniitikia, kwa sababu sijamwona mwalimu wa Mombasa asiyeitikia salamu. "Ulipomwendea mzee aliyehifadhi shairi, akakusomea ubeti wa kwanza na wa pili, kisha wa tatu ukamtoka, ulifanya nini? Ulikaa naye mkekani ukangoja akumbuke, au ulikwenda kumtafuta mwingine anayeujua? Wazee wawili walipotofautiana juu ya neno moja lililobeba kina, ulimfuata nani? Na je, hakuna aliyekuuliza kwa nini mtu wa elimu kama wewe unapoteza wino kwa mashairi ya sokoni?"

Swali hili la mwisho ndilo linalonishughulisha, kwani karatasi na wino vilikuwa vitu vya thamani, na mwanachuoni wa wakati ule alikuwa na vitabu vya dini na sheria vya kunakili. Jibu lake ninalipata ndani ya diwani yenyewe. Sisi sote tunasema kwamba kimya kina mshindo mkuu, lakini wachache wanakumbuka kwamba Muyaka alilifungulia shairi kwa maneno hayo na kwamba tungo hiyo tunayo hadi leo. Tunayo kwa sababu mtu mmoja aliona kuwa inafaa kuandikwa kabla wenye kuijua hawajaondoka. Kwa maoni yangu huduma hiyo inalingana na ya mtunzi mwenyewe, wala sioni kwa nini watoto wetu wafundishwe jina moja na wasifundishwe la pili.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, namwendea kwa adabu zaidi. Mwaka 1930 alianzisha hapa Mombasa jarida la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Wanavyuoni wengi wa zama zake walipotaka kuandika jambo zito waliandika kwa Kiarabu. Yeye aliyaandika mambo mazito kwa Kiswahili ili msomaji wa kawaida ayapate, akahimiza elimu, ya wavulana na ya wasichana, na akawakemea watu wake kwa uzembe wao bila kuwaonea haya.

"Assalamu alaykum, Sheikh. Gharama za kuchapisha magazeti yako ulizipata wapi, na nani alikusaidia kuyagawa? Mtu asiyejua kusoma alisomewa na nani? Siku ile baada ya toleo lenye maneno makali kutoka, ulipopita mitaani mwa Mji wa Kale kwenda kuswali, watu walikusalimu vipi?" Kisha namuuliza lililo gumu zaidi. Tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, yaani alishika cheo ndani ya serikali ya kikoloni. Nataka kujua jinsi kalamu ya mhariri ilivyoelewana na kalamu ya kadhi mkononi mwa mtu yule yule, na siulizi kwa kumlaumu. Wengi wetu tunaotaka kurekebisha mambo hufika mahali tukapewa kiti, na hatujui tukalie kiti hicho vipi.

Kwa Mekatilili wa Menza sikai sana, kwa kuwa habari zake zinasimuliwa kote Pwani na wanaozijua kuliko mimi. Mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, akahamishiwa Kisii mbali na kwao, akatoroka, akarudi Pwani kwa miguu akiwa na mwenzake Wanje wa Mwadorikola. "Hawe," yaani bibi kwa Kigiriama, "mlikula nini njiani, na nani aliwafungulia mlango?" Basi.

Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, nina mengi naye. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliweka zana chini: wa bandarini, wa reli, wa hotelini, mpaka watumishi wa majumbani. Bei zilikuwa zimepanda baada ya vita, nyumba hazipatikani, mishahara haitoshi. Mji ulisimama kwa siku 12, na kila siku watu walikutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Baadaye baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliongeza mishahara. Chege, kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lililozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kuzuiliwa Baringo, akakaa huko miaka kumi.

"Bwana Chege, watu 15,000 wasiopata ujira walikula nini kwa siku 12? Wenye maduka walikopesha? Mliwezaje kumfanya Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu na Mdigo waaminiane uwanjani, ilhali kazini walipangwa mafungu mafungu? Na ulipokuwa Baringo, nani wa Mombasa alikuandikia barua?"

Haya ya mwisho si lazima yabaki kichwani mwangu. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa mgomo ule sasa amepita 90, na wazee wa umri huo bado wapo katika mitaa ya Mombasa, wengine wakiwa watoto wa waliosimama Kiwanja cha Maskini na waliosikia habari hizo mezani kwao. Nimeanza kuulizia Majengo. Yeyote mwenye babu au bibi anayekumbuka uwanja ule ulikuwa wapi hasa, nani alisimama kuzungumza, na sufuria za chakula zilipikwa nyumba gani, naomba akae naye wiki hii na aandike anayoambiwa, pamoja na jina la mtaa na jina la msimulizi akiridhia.