Kiegemeo cha kidevu: fidla imetulia, na ule mlio umekwisha

Jana usiku nimeshusha mkono kwenye shingo ya fidla kutoka nafasi ya tatu hadi ya kwanza mara ishirini mfululizo, na fidla haikusogea. Mkono ulishuka, fidla ikabaki palepale. Miezi minne yote iliyopita kidole gumba kilikuwa kinaivuta nzima, taya linakimbilia kuibana, na mazoezi yakiisha shingo upande wa kushoto imekakamaa.

Nilikuwa nakilaumu kiegemeo cha bega. Nimekipandisha, nimekishusha, nimekigeuza, nimekiacha nikarudi kwenye sponji. Kila nilipokipandisha, fidla iliinuka juu ya mtulinga, mkono wa upinde nao ukabidi upande kuufuata uzi wa G, na bega la kulia likaanza kuuma.

Rula ndiyo iliyosema ukweli. Nilivua viegemeo vyote viwili, nikailaza fidla kwenye mtulinga, nikatazama mbele bila kuinamisha kichwa, dada yangu akapima kutoka ubao wa juu hadi chini ya taya: milimita 47. Kiegemeo changu cha kidevu, cha aina ya Guarneri, pale taya linapokaa kina milimita 26. Mwanya ulikuwa juu ya fidla, na mimi siku zote nilikuwa nauziba kwa chini.

Umbo nalo lilinisumbua, ila si sana. Kiegemeo cha aina ya Kaufman kinakaa kushoto kabisa, na taya langu linataka katikati. Louis Spohr alipobuni kiegemeo miaka ya 1820 hivi alikiweka katikati, juu ya kishikio cha nyuzi, na kwa mwili wangu naona aliona mbali. Nikachukua Flesch yenye nundu, aina inayokaa katikati. Nundu inaingia nyuma ya mfupa wa taya na kuushika bila kukandamiza. Raha yake niliisikia siku ya kwanza.

Siku ya pili ukaja mlio. Zzz nyembamba kwenye C ya uzi wa G, mara ipo, mara haipo. Nilikaza skrubu ndogo za kusawazisha sauti, nikabadilisha uzi, nikagonga kingo zote kwa kifundo cha kidole nikitafuta gundi iliyoachia. Jioni tatu zimepotea hivyo. Kilichonichanganya ni kwamba nikiilaza mapajani na kuudonoa uzi, sauti ni safi kabisa. Nikiiweka begani, zzz. Nilichelewa kuona kwamba tofauti ya hali hizo mbili ni uzito wa kichwa changu. Nilikata ukanda wa karatasi, nikaupitisha kati ya kishikio cha nyuzi na tumbo la kiegemeo. Bila taya, ulipita. Nilipoweka taya, ulinaswa upande wa G. Mbao mbili zilikuwa zinagusana kwa unene wa karatasi!

Nilikuwa nimepanga kuikwangua Flesch kwa chini. Nimeshika patasi mkononi ndipo nikakumbuka ile milimita 47. Flesch yenyewe ni milimita 25. Kwa nini niipunguze wakati bado ni fupi? Patasi nikairudisha. Nilichonga vipande viwili vya mbao vya milimita 10 kwa umbo la miguu yake, nikabandika koki (ile ya vizibo vya chupa) ya milimita 2 chini ya kila kimoja. Sasa ni 37, na zile kumi zilizobaki ndizo uhuru wa kichwa kugeuka. Karatasi inapita hata nikikandamiza kwa makusudi. Dawa moja imetibu maradhi mawili.

Vibano vya zamani vya kukishika kiegemeo kwenye fidla havikufika, nilitafuta virefu zaidi. Na hapa niseme: ile pini ya kuzungushia vibano inayokuja na viegemeo siipendi hata kidogo. Ikipenya tundu la kibano hadi upande wa pili inachora vanishi, na alama hiyo haiondoki. Mimi nimezungushia mkanda wa gundi milimita 4 kutoka nchani ili isipenye, na nyuma ya kibano natelezesha kadi ngumu. Kaza mpaka kisisogee kwa mkono, basi. Mbavu za fidla ni kama milimita moja tu. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda kiegemeo cha katikati: pale kwenye kigingi cha chini, kinachoshika kishikio cha nyuzi, kuna gogo la mbao kwa ndani, kibano kinauma mahali pagumu. Baada ya siku chache koki itajikandamiza na vibano vitalegea kidogo, kwa hiyo navikagua kila nikifungua kasha.

Nilitaka pia kujaribu mbao nyingine kwa sababu ya kidoa chekundu kilichonitoka chini ya taya, lakini tangu niache kubana kinafifia chenyewe, nimeachana nalo. Kinachonishughulisha sasa ni kiegemeo cha bega. Leo asubuhi nimekishusha hadi mwisho wa skrubu zake na fidla bado imekaa. Kesho nakitoa kabisa, naweka kitambaa tu, nione kama ile noti ya C itabaki safi.