Namba 99 na Namba 58

Ramadhani ya mwaka 2024 ilianza Jumatatu, tarehe 11 Machi. Nilikuwa jikoni kwangu Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, nakoroga uji wa futari, simu ikaanza kutetemeka juu ya friji. Ujumbe wa kwanza: kotabeki Kirk Cousins wa Minnesota Vikings, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, anahamia Atlanta. Sijakaa sawa, ukaingia wa pili: Vikings wamemchukua Jonathan Greenard kutoka Houston Texans. Hapo nikazima jiko. Kwa mtu anayeifuatilia timu hii, habari hiyo ilikuwa na maana moja tu. Kama Greenard anakuja, basi Danielle Hunter, nyota wetu wa nafasi ileile ya ulinzi, ameondoka. Kesho yake ikathibitika, tena kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwenye mpira wowote: Hunter anakwenda Houston ileile alikotoka Greenard. Klabu hazikuuziana mtu. Mikataba ya wote wawili ilikuwa imekwisha, kila mmoja akachagua njia yake, wakajikuta wamehamia kila mmoja nyumba ya mwenziwe.

Niliumia, na sioni haya kusema hivyo. Wengi huko nyumbani huniuliza inakuwaje mtu aliyelelewa Tanga, baba yake Coastal Union, yeye mwenyewe Yanga wa damu, akaishia kuupenda mpira unaochezwa kwa mikono. Jibu langu siku zote lilikuwa Hunter.

Kwa ambao hawaujui mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Kotabeki ndiye anayepokea mpira na kuamua uende wapi. Mbele yake wanasimama watu watano wenye miili kama makabati, kilo 140 kila mmoja, kazi yao kumlinda. Upande wa pili wanapangwa wale wa kumwinda. Hunter alisimama pembeni kabisa mwa mstari huo. Akiinama, mkono mmoja ukikaribia nyasi, alikuwa na kama sekunde mbili na nusu za kumzunguka mlinzi na kumfikia kotabeki kabla mpira haujamtoka. Akimwangusha nao mkononi, inahesabiwa saki moja. Wakimwangusha wawili, kila mmoja anapata nusu, ndiyo maana utaona hesabu zao zina nusunusu.

Hunter alizaliwa Jamaika, akahamia Texas akiwa mtoto. Nilipolijua hilo nilianza kumtazama kwa jicho jingine. Huu si mchezo wa alikozaliwa, kama usivyokuwa wa kwangu. Chuoni, Louisiana State (LSU), alimaliza misimu mitatu na saki 4 na nusu tu, ndiyo maana mwaka 2015, timu zilipochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, zilimpita hadi Vikings wakamchukua raundi ya 3, chaguo la 88. Ila walikuwa na kocha wa mstari wa mbele, Andre Patterson, aliyeona kwamba mwili ule umekosa ufundi tu. Desemba 2019, akiwa na miaka 25 na siku 40, Hunter akawa mchezaji mdogo kuliko wote kufikisha saki 50 tangu zilipoanza kuhesabiwa rasmi mwaka 1982. Halafu shingo ikamtupa. Msimu mzima wa 2020 hakugusa uwanja. Wa 2021 alicheza mechi 7, msuli wa kifua ukachanika. Watu wakaanza kumzungumza kama mtu aliyepita. Akarudi 2022 na saki 10 na nusu, 2023 akapiga 16 na nusu, nyingi kuliko mwaka wowote wa maisha yake.

Misimu hiyo miwili ya kurudi kwake niliitazama nikiwa kazini, na hapa ndipo lilipo lililonikalisha kuandika.

Kazi yangu ni ile ya wengi wetu Minnesota, kuhudumia wazee kwenye nyumba za malezi. Mzee ninayemhudumia sitamtaja jina, kazi yetu hairuhusu na yeye mwenyewe asingependa. Ana miaka zaidi ya themanini, upande wa kushoto umelegea baada ya kiharusi, na enzi zake aliendesha malori ya maziwa. Nilikabidhiwa Oktoba 2022. Kabla yangu alihudumiwa kwa miaka minne na dada mmoja wa Kisii, aliyelazimika kurudi nyumbani kumuuguza mama yake. Siku ya makabidhiano alinishika mkono akanieleza kila kitu, kuanzia mto upi unakaa chini ya goti hadi taa ipi isizimwe. Mwisho akaniambia, "Na chai, kaka yangu. Usimpe ya kuchovya. Chemsha na maziwa, tangawizi uiponde, usiikate."

Nilimpa ya kuchovya. Asubuhi ya kwanza nilikuwa na haraka, nikadhani Mzungu wa miaka themanini hawezi kujali. Alikitazama kikombe, akakisukuma kwa mkono wake mzima mpaka kikafika ukingoni mwa meza, kisha akageukia dirisha. Wiki tatu aliniita kwa jina la yule dada. Mwanzoni nilidhani ni kumbukumbu inamtoka, baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananiambia jambo. Kila nilichofanya kilipimwa kwa mtu ambaye hayupo, na asiyekuwepo hakosei hata siku moja. Nikaiga. Nikaponda tangawizi, nikakunja blanketi kwa mikunjo ya yule dada, nikajifunza hata kubisha mlango kama yeye, mara mbili kisha moja. Haikusaidia. Alikuwa ananiona naiga.

Kilichotuunganisha ni Jumapili moja niliyoketi bila kuombwa, nikauliza yule mwenye 99 anafanya nini pale pembeni. Mzee alikuwa na fulana ya zambarau yenye namba hiyo ya Hunter mgongoni, zawadi ya mjukuu. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaanza kueleza, na hakunyamaza hadi mechi ikaisha. Yule dada hakuwa akipenda mpira. Kumbe palikuwa na kiti kitupu miaka yote ile, na mimi nilikuwa nang'ang'ania kilichojaa.

Sasa rudi Machi 2024. Nilipofika zamu nikamkuta ameshasikia. Nilitegemea hasira, nikakuta ametulia kuliko mimi. Akanieleza habari za Alan Page. Miaka ya 60 na 70 Vikings walikuwa na mstari wa mbele uliotisha nchi nzima, Page, Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen. Page mwaka 1971 alikuwa mlinzi wa kwanza katika historia ya ligi kutajwa mchezaji bora wa msimu. Mwaka 1978 klabu ikamwacha katikati ya msimu, sababu moja ikiwa uzito uliopungua kwa kukimbia masafa marefu, akachukuliwa na Chicago Bears, mahasimu wetu. Page huyohuyo baadaye alikaa zaidi ya miaka ishirini kama jaji katika Mahakama ya Juu ya Minnesota. "Nililia mwaka ule," mzee akaniambia. "Sasa nimelia ya kutosha."

Mimi sikuwa nimelia ya kutosha, nikabaki na hesabu. Houston walimpa Hunter dola milioni 49 kwa miaka miwili. Sisi tukampa Greenard milioni 76 kwa minne, yaani kwa mwaka tulilipa pungufu, kwa mtu wa miaka 26 badala ya 29. Kwenye karatasi ni akili. Lakini Hunter alikuja kutoka msimu wa saki 16 na nusu, akiwa na jumla ya 87 na nusu kwa jezi yetu. Greenard alikuwa na 23 katika miaka minne, na zaidi ya nusu ya hizo, 12 na nusu, alizipata mwaka mmoja wa mwisho. Mwaka 2022 alicheza mechi 8 tu. Niliona tumebadilisha ng'ombe wa maziwa kwa ndama mwenye kilema.

Ukitaka kuwaona tofauti, watazame hatua ya kwanza. Hunter kabla ya kusajiliwa alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.57, kasi ya kutisha kwa mwili wa mita 1.96. Miguu inafika kabla mlinzi hajageuza nyonga. Greenard alikimbia umbali huohuo kwa 4.87. Kwa watu wa kazi hii, hizo sehemu tatu za kumi ni kama bonde. Ndiyo maana naye alisubiri hadi raundi ya 3, chaguo la 90 mwaka 2020, nafasi mbili tu nyuma ya lile la Hunter. Lakini mtazame mikono. Greenard hamkimbii mlinzi, anamfungua. Mkono wa kwanza unagonga kifuani, wa pili unaondoa kiwiko, na lile kabati linajikuta limeshika hewa. Tena mpira ukikimbizwa kwa miguu upande wake, haondoki mahali pake kwa tamaa ya saki. Anasimama, anaziba. Kazi hiyo haina hesabu inayotangazwa, na mwaka wa kwanza nisingeiona kama mzee asingekuwa ananigonga kiwiko: "Acha mpira, mtazame yeye."

Wana Yanga wenzangu wataelewa kwa njia fupi. Fiston Mayele alipokwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023 tulimtafuta Mayele mwingine kwa tochi. Akaja Hafiz Konkoni, kila shuti lake likapimwa kwa Mayele, kijana akabanwa. Ubingwa tuliuchukua, ila mabao yalitoka kwingine: Aziz Ki, kiungo, alifunga 21. Vikings nao hawakumtafuta Hunter wa pili. Wiki ileile walimleta Andrew Van Ginkel kutoka Miami akae upande wa pili. Mwaka 2023 baada ya Hunter aliyefuata alikuwa na saki 8. Mwaka 2024 Greenard alipata 12 na Van Ginkel 11 na nusu. Kocha wa ulinzi Brian Flores hakuwa tena na mbwa mmoja wa kuwinda, alikuwa na wawili, na kotabeki hajui amgeukie yupi.

Lakini naruka. Kabla ya hayo kulikuwa na tarehe 22 Septemba.

Ratiba ilipotoka nililiona na kuliogopa: wiki ya 3, Houston wanakuja U.S. Bank Stadium. Nikaomba zamu ya Jumapili hiyo. Mzee alivaa 99 yake, nami nikamsaidia kuupitisha mkono uliolegea kwanza kisha mzima, kama yule dada alivyonifundisha. Hunter akatoka na jezi nyeupe, namba 55, kwenye uwanja ulioimba jina lake miaka yote ile. Nikiri kwamba robo ya kwanza nilimtazama yeye kuliko timu yangu. Ameinama vilevile, mkono ukikaribia nyasi. Ni kama kumwona jirani yako wa zamani akishuka basi la mtaa mwingine.

Upande wa pili, namba 58. Greenard alimwangusha C.J. Stroud, kotabeki aliyekuwa mwenziwe miezi michache nyuma. Akamwangusha tena. Mzee hakusema neno, mkono wake mzima tu ulikuwa umefungwa ngumi juu ya blanketi. Mara ya tatu, akapiga meza, kikombe kikaruka, chai ya tangawizi ikamwagika hadi kwenye soksi zangu. "Hamsini na nane!" Hakusema jina, nadhani hakuwa amelishika bado. Saki 3 dhidi ya timu iliyomwacha aende, na tukashinda 34 kwa 7.

Usiku ule nikiwa kwenye gari niliwaza kitu ambacho miezi sita nilikuwa nakikwepa. Danielle Hunter alisoma sekondari Katy, nje kidogo ya Houston. Kijana wa Jamaika aliyeupata mchezo huu Texas, baada ya miaka tisa kwenye theluji yetu, alirudi mji uliomlea. Nilikuwa namhesabia mamilioni, na njia yenyewe ilikuwa inaelekea kwao. Mimi kila Desemba ninapokwangua barafu kwenye kioo cha gari saa kumi na moja alfajiri nawaza Tanga, bandari, harufu ya mkonge njia ya Pongwe. Kama mtu angenipa kazi hii hii, mshahara uliozidi, na kunirudisha Ngamiani, nisingeuliza watu wa Brooklyn Park watasemaje.

Msimu ulikwisha tukiwa na ushindi 14 na kufungwa 3, kisha Rams wakatutoa mapema kwenye mtoano, 27 kwa 9, habari isiyohitaji kurefushwa. Hunter kule Houston alimaliza na saki 12. Greenard huku, 12. Wote wawili wakatajwa kwenye Pro Bowl, orodha ya nyota wa msimu.

Machi 2025 yule dada alipiga simu ya video kutoka Kisii. Mama yake anaendelea vizuri. Nilimshikia mzee simu karibu na uso, akacheka kama mtoto, akamwita jina lake, safari hii ni lake kweli. Dada akamwuliza kama nampa chai inavyotakiwa. Akasema ndiyo, tangawizi imezidi kidogo. Akamwuliza na timu je, maana alimwacha akiilalamikia. Mzee alikuwa amevaa ile fulana ya 99, imepauka sasa kwa kufuliwa, tisa moja imeanza kubanduka. Akainama karibu na simu.

"Tuna kijana mpya," akamwambia. "Subiri nikueleze anavyotumia mikono."